Mkono Unaotangulia: Jinsi Upendeleo wa Mkono Unavyokua kwa Mtoto Mchanga

1. Utangulizi

Katika jamaa nyingi za nchi yetu, mtoto anapoanza kujilisha mwenyewe, macho ya wakubwa hukaa juu ya mkono wake. Akiupeleka mkono wa kuume katika sahani ya bukari, hakuna asemaye neno. Akiupeleka wa kushoto, mkono huo huondolewa, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa sauti, na mara ya tatu pengine kwa kofi. Miaka michache baadaye mwalimu wa darasa la kwanza huiendeleza kazi ileile, safari hii kwa kalamu. Wote wawili, mzazi na mwalimu, hutenda kwa nia njema, na wote hutegemea wazo moja: kwamba mtoto mdogo bado hana mkono wake, kwamba mikono yake miwili ni sawa, na kwamba malezi ndiyo yatakayoamua upi utangulie. Wahenga wametuachia methali inayolifaa wazo hilo: samaki mkunje angali mbichi.

Makala haya yanakusudia kulipima wazo hilo kwa yale ambayo elimu ya ukuaji wa mtoto imekwisha kuyathibitisha. Tutauliza maswali matatu. Je, upendeleo wa mkono huanza lini? Hupita katika hatua zipi hata ukathibitika? Na desturi ya jamii inaweza kubadili nini, na haiwezi kubadili nini? Kwa maneno upendeleo wa mkono tunamaanisha mwelekeo wa mtu kuutanguliza mkono mmoja daima katika kazi zinazohitaji ustadi, kama vile kuandika, kukata, kushona au kutupa jiwe. Mtu autangulizaye mkono wa kushoto tutamwita mtu wa mashoto, kama Kiswahili kinavyomwita.

2. Mikono katika lugha

Uchunguzi wa jambo linalogusa desturi huanza vema kwa maneno, kwa kuwa lugha huhifadhi mawazo ambayo wasemaji wenyewe wamekwisha kuyasahau. Kiswahili kina majina mawili ya mkono uheshimiwao. La kwanza ni mkono wa kuume, ambalo ndilo tunalolisikia zaidi mashariki mwa Kongo. Shina lake ni -ume, lile la mwanamume. La pili ni mkono wa kulia. Kulia hapa hakuna uhusiano na machozi: ni kitenzi kula katika kauli ya kutendea, yaani kula kwa kutumia kitu fulani. Mkono wa kulia, basi, ni mkono wa kulia chakula. Jina lenyewe limekwisha kutoa amri kabla mzazi hajafumbua kinywa.

Lugha jirani zinafuata njia hiyohiyo. Kilingala husema loboko ya mobali, mkono wa mwanamume, kwa upande wa kuume, na loboko ya mwasi, mkono wa mwanamke, kwa upande wa kushoto. Kifaransa nacho hulitumia neno droit kwa upande wa kuume, kwa unyofu na kwa sheria, hali gauche ni upande wa kushoto na pia ni mtu asiye na ustadi. Mwaka 1909 Robert Hertz, mwanafunzi wa Émile Durkheim, alitoa makala mashuhuri juu ya utukufu wa mkono wa kuume. Hoja yake ilikuwa kwamba mwili unatoa tofauti ndogo tu kati ya mikono miwili, na kwamba jamii huichukua tofauti hiyo ndogo na kuifanya mpaka kati ya kilicho kitakatifu na kisicho kitakatifu, kati ya nguvu na udhaifu.

Hertz alikuwa na haki ya kutenga mambo hayo mawili: tofauti iliyo mwilini na maana ambayo watu huipa. Lugha inatusimulia habari za maana. Haitupi habari za chanzo. Na tunapohesabu watu, tunakuta jambo ambalo desturi peke yake haiwezi kulieleza: hakuna jamii ijulikanayo ambamo watu wa mashoto ndio wengi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020, uliojumlisha tafiti nyingi na watu zaidi ya milioni 2, ulikuta kwamba watu wa mashoto ni asilimia 10,6. Hesabu hiyo hupanda au kushuka, kati ya asilimia 9,3 na 18,1, kufuatana na ukali wa kipimo kinachotumiwa. Wanaume huwazidi wanawake kidogo: kwa kila wanawake 10 wa mashoto kuna wanaume karibu 12. Kama mkono ungekuwa zao la malezi tu, tungetazamia kuona, mahali fulani duniani, taifa lililochagua upande mwingine. Halionekani.

3. Kabla ya kuzaliwa

Kwa muda mrefu wataalamu walianza kuhesabu umri wa mkono siku ya kuzaliwa. Ekografia, mashine inayoonyesha tumbo la uzazi kwa mawimbi ya sauti, iliwawezesha kumtazama mtoto akiwa bado tumboni. Peter Hepper na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queen's, mjini Belfast, walikuwa miongoni mwa waliofaidika kwanza na chombo hicho. Mwaka 1991 walieleza kwamba kijusi, tangu majuma 15 ya mimba, hunyonya kidole gumba, na kwamba zaidi ya asilimia 90 ya vijusi walivyovitazama vilinyonya kidole gumba cha mkono wa kuume.

Mwaka 1998 watafiti hao walirudi nyuma zaidi. Waliwatazama vijusi 72 wenye umri wa majuma 10 tu, wakati ambapo mikono ndiyo kwanza inaanza kujongea yenyewe. Vijusi 54, yaani robo tatu, vilijongeza zaidi mkono wa kuume; 9 vilijongeza zaidi wa kushoto; 9 vilivyobaki havikuonyesha tofauti.

Msomaji mwangalifu atauliza kama mtikisiko huo wa tumboni una uhusiano wowote na mkono utakaoshika kalamu. Jibu lilitolewa mwaka 2005, watafiti walipowatafuta tena watoto 75 waliotazamwa tumboni, ambao sasa walikuwa na umri wa miaka 10 hadi 12. Watoto 60 walikuwa wamenyonya kidole cha kuume: wote 60 walikuwa watu wa mkono wa kuume. Watoto 15 walikuwa wamenyonya kidole cha kushoto: 10 kati yao walikuwa watu wa mashoto, na 5 walikuwa watu wa mkono wa kuume. Hesabu hizo zinafaa kusomwa kwa makini. Zinaonyesha kwamba mwelekeo wa tumboni huendelea kwa watoto walio wengi sana. Zinaonyesha pia kwamba mwelekeo si hukumu: theluthi moja ya walioanza upande wa kushoto waliishia upande wa kuume.

Jambo jingine lililowashangaza wataalamu linahusu ubongo. Tunajua kwamba kila nusu ya ubongo huongoza upande wa pili wa mwili: nusu ya kushoto huongoza mkono wa kuume, na nusu ya kuume huongoza mkono wa kushoto. Kwa hiyo wengi walidhani kwamba upendeleo wa mkono huanzia katika gamba la ubongo. Lakini katika majuma 8 hadi 10 ya mimba gamba hilo halijaunganishwa bado na uti wa mgongo, na hata hivyo mikono imekwisha kutofautiana. Mwaka 2017 Sebastian Ocklenburg na wenzake wa Bochum, Ujerumani, walichunguza sehemu za uti wa mgongo wa vijusi vichache na kukuta kwamba jeni zilizomo katika upande wa kuume hazikufanya kazi sawasawa na zile za upande wa kushoto. Huenda basi hatua ya kwanza ya tofauti hii ipo katika uti wa mgongo, na ubongo huipokea baadaye na kuiimarisha.

4. Mwaka wa kwanza

Mtoto anapozaliwa, hawezi kuchagua mkono kwa maana halisi. Ukiweka kidole katika kiganja chake hukifumba, iwe cha kuume au cha kushoto, pasipo kutaka. Lakini mwili wake hauko sawasawa pande zote mbili. Akilazwa chali, watoto walio wengi hukigeuzia kichwa upande wa kuume. Kichwa kikigeuka, mkono na mguu wa upande huo hunyooka, na mkono wa upande wa pili hukunjwa nyuma ya kichwa. Matokeo yake ni dhahiri: mkono ulionyooka ndio uliopo mbele ya macho. Mtoto hupata nafasi nyingi zaidi za kuuona ukijongea na kugusa vitu.

George Michel, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa hoja mwaka 1981 kwamba mkao huo wa kichwa ni ngazi mojawapo ya kuelekea upendeleo wa mkono. Alikuta kwamba watoto waliopendelea kukigeuzia kichwa kuume walielekea, miezi iliyofuata, kuufikia mchezo wao kwa mkono wa kuume, na wale wachache waliokigeuzia kushoto walielekea kuutumia wa kushoto. Katika maelezo haya hakuna kiungo kimoja kinachobeba siri yote. Tofauti ndogo huzaa mazoezi, mazoezi huzaa ustadi, na ustadi huzidisha tofauti.

Yapata mwezi wa nne mtoto huanza kunyoosha mkono kwa kusudi ili akipate kitu anachokiona. Mwanzoni mara nyingi huipeleka mikono yote miwili. Kuanzia mwezi wa sita au wa saba huweza kuketi, kushika kitu kwa mkono mmoja, na kukihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Karibu na mwezi wa tisa au wa kumi huweza kuokota punje ya mahindi kwa kidole gumba na cha shahada. Katika miezi hii mzazi anayetazama kwa makini ataona baadhi ya watoto wakiwa tayari na mkono unaotangulia, na wengine wengi wakibadilika: juma hili wa kuume, juma lijalo wa kushoto, halafu yote miwili.

Kubadilika huko kulielezwa zamani. Mwaka 1947 Arnold Gesell na Louise Bates Ames, wa Chuo Kikuu cha Yale, walionyesha kwa picha za sinema kwamba mtoto hupita vipindi vya kutumia mkono mmoja na vipindi vya kutumia yote miwili, vikipokezana mara kadhaa kabla mkono mmoja haujathibitika. Tafiti za baadaye zimeeleza sababu mojawapo. Mwaka 2002 Daniela Corbetta na Kathryn Bojczyk walionyesha kwamba mtoto aliyekuwa amezoea kupokea kitu kwa mkono mmoja hurudia kupokea kwa mikono miwili anapojifunza kutembea, kisha huacha tena mwendo wake unapoimarika. Kusimama kwa miguu miwili ni kazi inayodai mwili mzima, na mikono huinuliwa pamoja kwa ajili ya kujisawazisha. Mkono haukui peke yake. Unakua ndani ya mwili unaojifunza kuketi, kutambaa na kutembea.

Hapa pana onyo ambalo kila mzazi na kila muuguzi anapaswa kulijua. Kwa kuwa kubadilika ni kawaida ya mwaka wa kwanza, mtoto asiyebadilika kabisa anatakiwa kuangaliwa. Mtoto ambaye, kabla ya kutimiza miezi 12, hutumia mkono mmoja tu na kuuacha mwingine ukining'inia au ukiwa umefumba ngumi daima, huenda hajachagua mkono. Huenda mkono wa pili hauna nguvu. Chanzo chaweza kuwa mishipa ya fahamu ya bega iliyovutwa wakati wa kuzaa kwa shida, au dhara lililoipata nusu moja ya ubongo. Jamaa husema kwa furaha kwamba mtoto ameanza mapema kuwa hodari wa mkono wa kuume, na miezi yenye thamani hupotea. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kwa daktari, bila kujali ni mkono upi anaoutumia.

5. Mwaka wa pili na kuendelea

Mwaka wa pili unaleta kazi ambayo mnyoosho wa mkono peke yake haukuweza kuionyesha: ushirikiano wa mikono miwili yenye majukumu mbalimbali. Mtoto hushika chupa kwa mkono mmoja na kuzungusha kifuniko kwa mwingine. Hushika muhindi kwa mkono mmoja na kupukuchua kwa mwingine. Wahenga husema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Wala mkono mmoja haufungui chupa. Mkono mmoja hutegemeza, mwingine hutenda kazi ya ustadi, na huu wa pili ndio unaotufunulia upendeleo wa kweli.

Ndiyo maana watafiti waliowafuata watoto walewale kutoka mwezi wa 6 hadi mwezi wa 24, kama Eliza Nelson, Julie Campbell na George Michel katika utafiti wao wa mwaka 2013, waliona picha mbili tofauti. Katika mwaka wa kwanza watoto wengi hawakuwa na upendeleo ulio thabiti wakati wa kupokea vitu. Kati ya mwezi wa 18 na wa 24, walipopewa vitu vinavyohitaji mikono miwili, wengi wa watoto haohao walionyesha mkono wao waziwazi. Wale waliokuwa wa mkono wa kuume tangu mapema waliendelea kuwa hivyo. Watu wa mashoto walijitokeza kutoka katika kundi la wale waliokuwa bado hawajaamua. Mtoto wa mashoto, basi, mara nyingi hujulikana kwa kuchelewa. Mzazi anayeona mkono wa kushoto ukianza kutangulia katika mwezi wa 20 anaweza kudhani kwamba ni tabia mpya, iliyoigwa jana na inayoweza kukomeshwa leo. Kumbe ni kazi iliyoanza zamani ambayo sasa ndiyo kwanza inaonekana.

Kufikia miaka 3 au 4 watoto walio wengi hutambulikana kwa urahisi. Hata hivyo uthabiti huzidi kuongezeka katika miaka ya kwanza ya shule, na wapo watoto wachache ambao hugawa kazi zao: huandika kwa mkono huu na kutupa kwa mkono ule.

6. Urithi na bahati

Je, mkono hurithiwa? Jibu ni ndiyo, lakini kwa kiasi. Ian McManus na Philip Bryden walijumlisha tafiti nyingi za jamaa mwaka 1992. Wazazi wote wawili wakiwa wa mkono wa kuume, watoto wa mashoto ni karibu 9 au 10 kwa 100. Mzazi mmoja akiwa wa mashoto, ni karibu 20 kwa 100. Wote wawili wakiwa wa mashoto, ni karibu 26 kwa 100. Hata katika nyumba hii ya tatu, basi, watoto walio wengi ni wa mkono wa kuume. Na kwa kuwa wazazi wa mkono wa kuume ndio wengi duniani, watu wengi wa mashoto wamezaliwa na wazazi wasio wa mashoto. Hakuna haja ya kumtafuta mchawi, wala ya kumshuku mama.

Pacha wa yai moja wanatuongoza zaidi. Wana jeni zilezile, walilala katika tumbo lilelile, na bado ni jambo la kawaida mmoja kuwa wa kuume na mwenzake wa mashoto. Tafiti za pacha zinakadiria kwamba urithi unaeleza karibu robo ya tofauti kati ya watu. Wataalamu waliochunguza jeni za watu zaidi ya milioni 1,7, na kutoa matokeo yao mwaka 2020, walipata sehemu 41 za urithi zinazohusiana na kuwa mtu wa mashoto. Kila moja ina nguvu ndogo sana. Hakuna jeni moja ya mashoto. Kilichobaki, kilicho kingi, kinaonekana kutokana na mambo madogomadogo ya ukuaji tumboni, ambayo hatuna budi kuyaita bahati.

Inafaa kuongeza neno juu ya akili, kwa kuwa mtu wa mashoto amedhaniwa mara nyingi kuwa ni mtu aliyepinduliwa. Tangu Paul Broca, aliyeandika juu ya jambo hilo mwaka 1865, twajua kwamba kwa watu walio wengi usemi huongozwa na nusu ya kushoto ya ubongo. Hali hiyo hupatikana kwa karibu watu 95 kati ya 100 walio wa mkono wa kuume. Kwa watu wa mashoto hupatikana kwa karibu 70 kati ya 100. Wengi wa mashoto, kwa hiyo, wana mpango wa usemi uleule wa jirani zao. Ubongo wao haukugeuzwa kama nguo iliyovaliwa kinyume; una mpangilio wa kawaida, wenye namna nyingi zaidi.

7. Nguvu ya desturi na mipaka yake

Tusije tukadhani kwamba desturi haina nguvu. Mwaka 1976 Evelyn Lee Teng na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 4.000 huko Taiwan, ambako watoto walikatazwa vikali kuutumia mkono wa kushoto katika kula na kuandika. Walioandika kwa mkono wa kushoto walikuwa asilimia 0,7 tu. Mtu akiishia hapo atasema kwamba samaki alikunjwa. Lakini watafiti waliuliza pia juu ya kazi nyingine ambazo hakuna aliyezisimamia, na katika kazi hizo shinikizo halikuonekana kuwa na athari. Desturi ilikuwa imeshinda katika kazi mbili ilizozilinda, na haikuvuka hapo.

Nchi za Magharibi zilipitia njia hiyohiyo. Mwaka 1986 jarida la National Geographic liliwapelekea wasomaji wake fomu ya maswali, na zaidi ya milioni moja ya Wamarekani walijibu, wakataja pia mkono wao. Avery Gilbert na Charles Wysocki walipoyachambua majibu hayo mwaka 1992, walikuta kwamba wazee walioandika kwa mkono wa kushoto walikuwa wachache mno kuliko vijana. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba wazee hao walisoma wakati ambapo shule ziliufunga mkono wa kushoto. Shule zilipoacha, hesabu ya watu wa mashoto ikapanda.

Na ndani ya ubongo je? Wataalamu wa Ujerumani, katika tafiti zilizotolewa mwaka 2002 na 2007, waliwapima watu wazima waliozaliwa na mwelekeo wa mashoto ambao walilazimishwa utotoni kuandika kwa mkono wa kuume. Watu hao waliandika vizuri kwa mkono wa kuume kwa miaka mingi. Hata hivyo, walipopimwa, sehemu fulani za nusu ya kuume ya ubongo wao, ile inayoongoza mkono wa kushoto, zilifanya kazi kuliko kwa watu waliozaliwa na mkono wa kuume. Malezi yalikuwa yameacha alama yake, ila hayakuufuta mpango wa kwanza. Mtu aliyelazimishwa hakuwa mtu wa mkono wa kuume. Alikuwa mtu wa mashoto aliyejifunza kuandika kwa mkono wa kuume.

Haifai kuongeza chumvi. Katika miaka ya 1920 na 1930 Samuel Orton na Lee Edward Travis, huko Iowa, walifundisha kwamba kumgeuza mtoto mkono humletea kigugumizi. Tafiti za baadaye hazikulithibitisha fundisho hilo. Hatuhitaji tishio la kigugumizi ili kuacha kuwapiga watoto. Hoja iliyo wazi inatosha: mtoto wa darasa la kwanza anajifunza kwa pamoja umbo la herufi, sauti yake, na mara nyingi lugha mpya ya shule. Kumlazimisha aifanye kazi hiyo kwa mkono usio wake ni kumwongezea mzigo wa nne, kisha kumwadhibu kwa kuchelewa.

8. Mambo ya kutenda

Kutokana na yaliyosemwa, mzazi wa mtoto mchanga ana kazi ya kutazama kuliko kazi ya kuamua. Aweke kijiko au mchezo katikati, mbele ya mtoto, wala si upande mmoja, naye mtoto achague. Asiwe na haraka kabla ya miaka 3. Asisahau lile onyo la miezi 12.

Mwalimu naye anaweza kusaidia pasipo gharama. Mtoto wa mashoto aketi mwisho wa deski upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani. Daftari lake liwekwe kidogo kushoto kwa kifua chake, na ncha ya juu ya karatasi ielekee kuume, kinyume cha wenzake. Hivyo ataona anachokiandika, na mkono wake hautafuta wino. Ashike kalamu juu kidogo ya ncha. Kwa hayo machache ataandika bila kukunja kifundo cha mkono.

Yabaki maswali ya heshima, nayo si madogo. Katika jamaa zetu kumpa mzee kitu kwa mkono wa kushoto ni kumvunjia adabu, na Waislamu wa Maniema, kama wenzao wa pwani, hufundishwa kula kwa mkono wa kuume. Elimu ya ukuaji haimtaki mtu kuziacha adabu hizo. Kusalimia, kupokea kwa mikono miwili, hata kula, ni matendo mafupi ambayo mtoto wa mashoto huweza kujifunza kuyatenda kwa mkono unaotakiwa, kama ajifunzavyo kupiga goti au kuvua viatu. Kinachotakiwa ni kuitenga adabu na ustadi. Salamu ni mali ya jamii, na jamii yaweza kuipangia mkono. Kalamu, sindano, nyundo na kisu ni kazi za ustadi, na humo mkono uliotangulia tangu tumboni uachwe utangulie.

9. Hitimisho

Tulianza na methali ya samaki mbichi. Methali haina kosa. Tatizo ni mahali inapotumiwa. Mtoto anapofika mbele ya sahani, mkono wake una historia iliyoanza katika juma la 10 la mimba, ikapitia kidole gumba, kichwa kilichogeuzwa, mikono miwili ya mwezi wa tano na hatua za kwanza za kutembea. Malezi yanaweza kumfundisha mtoto huyo kazi fulani kwa mkono wa pili, na kwa kazi za adabu hilo latosha. Hayawezi kumpa mkono mwingine.

Kwa upande wa chuo, kazi iliyo mbele yetu ni ya walimu wa walimu. Wanafunzi wetu wa ualimu wataingia madarasani ambamo, tukifuata hesabu ya dunia, kila kundi la watoto 50 lina watoto 5 hivi wa mashoto. Iwapo mwalimu haoni hata mmoja, asifurahi upesi. Awaite watoto uwanjani, awape mpira mmoja mmoja, na atazame ni mkono upi unaoutupa.